Mshika Kibao Hana Maoni

Kwa miaka sita nilikuwa mshika kibao katika kanisa moja la kale hapa Laeken, Ubelgiji. Kazi yenyewe ni hii: fundi anapanda ndani ya kinanda kikubwa, katikati ya mabomba, na mtu mwingine anakaa nje kwenye vibao vya kupigia. Unabonyeza kibao kimoja, unakishikilia. Mabomba mawili yasipopatana, sauti hutetemeka kama maji yanayokaribia kuchemka. Fundi anagonga bomba taratibu mpaka mtetemo ufe, kisha anapiga ubao mara mbili: nenda kinachofuata. Nina shahada mbili, na hii ndiyo kazi pekee niliyowahi kuifanya vizuri.

Au ndivyo nilivyodhani.

Fundi alikuwa mzee wa Lubumbashi ambaye kanisa zima, hata padri wa Kibelgiji, lilimwita tonton, yaani mjomba. Alikuwa na sheria moja: mshika kibao hana maoni. Hakohoi, haimbi, hasemi "bado". Kwangu mimi, ninayeishi kwa kuandika maoni juu ya mambo nisiyoyajua, yalikuwa mapumziko.

Pasaka ya mwaka juzi tulifika kwenye mabomba madogo kabisa, membamba kama kalamu, akapiga ubao mara mbili huku sauti ikitetemeka bado. Nikasubiri. Akapiga tena, kwa hasira kidogo. Nikaendelea. Tangu hapo ikawa hivyo kila mara. Nilielewa kwamba masikio yake yanazeeka kuanzia sauti za juu, nikanyamaza. Ukimya huo niliuita heshima.

Novemba iliyopita mke wake akafariki. Alikuwa akiimba sauti ya pili katika kwaya yetu, na wimbo alioupenda ulianza na mabomba madogo peke yake. Tonton alikataza fundi mwingine asiletwe. Alisema hicho ndicho kitu cha mwisho atakachomtengenezea. Tulifanya kazi siku mbili kabla ya mazishi. Mabomba madogo yalilia vibaya. Alipiga ubao mara mbili. Nikaendelea.

Siku yenyewe mpiga kinanda alifika mstari wa pili tu, sauti kama paka wanaogombana, akayafunga mabomba madogo na kuingia na makubwa. Tonton, kiti cha mbele, hakusikia kitu. Lakini aliwaona akina maman wa kwaya wakiangalia viatu vyao, wote kwa pamoja, akageuka kunitafuta.

Nje, karibu na gari la jeneza, aliniuliza kwa upole, "Ulikuwa unajua depuis lini?"

"Tangu Pasaka ya mwaka jana, tonton."

"Masikio yangu nilijua inaisha. Njo maana sikutafuta muntu mwingine wa kushika. Nilisema, bon, huyu atasikia, ataniambia."

Nilimkumbusha sheria yake. Naona aibu kuliandika, lakini nilimkumbusha.

"Sheria ni ya mabomba," alisema. "Huyu alikuwa bibi yangu."

Siku hizi fundi anatoka Ghent. Anaweka vipande vizito vya madini ya risasi juu ya vibao, hahitaji mtu wa kushika, na mabomba madogo yanalia sawasawa. Tonton hukaa nyuma. Nikimsalimu, ananijibu kwa kichwa. Jumapili iliyopita walipiga wimbo ule, na nilimwona akitazama midomo ya wanakwaya, ajue umefika wapi.