Mwanamke Aliyenipigia kwa Namba ya Mume Wangu

Jumapili moja nikitoka misa, namba ya mume wangu iliniita. Miezi kumi na minne ilikuwa kimya. Nikapokea mbio mbio.

Jamani, aliyeongea alikuwa mwanamke, tena kwa Kichina.

Naitwa Mianda, niko Kamina. Mume wangu Muamba alienda Guangzhou kutafuta bidhaa. "Miezi sita tu," alisema. Ikawa miaka mitatu.

Mimi nafua nguo kwenye kambi ya Wachina wanaojenga barabara. Nikirudi nyumbani nafungulia redio ili angalau pawe na mtu anayeongea. Upweke ulinikondesha, sitawaficha.

Mzee Liu, mpishi wao, aliona kila nikimaliza kuanika nasimama getini.

"Mama Mianda, unaangaliaka nini kule?"

"Niko nangoya bwana yangu, papa."

Akachora alama kwenye vumbi. "Kwetu tunasema wang. Kuangalia mbali, na kutumaini. Neno moja tu."

Nikamwomba anifundishe Kichina, nimfuate Muamba mwenyewe. Nilijifunza salamu na bei za vitu. Ila wang ndilo nililokuwa nikilisema peke yangu, nikisonga bukari, ugali wa mtu mmoja.

Sasa yule mwanamke kwenye simu anamwaga maneno, siambulii kitu. Mara nikasikia "Muamba". Halafu, wazi kabisa, "wang".

Kumbe naye anamngojea Muamba wangu! Huyu ndiye mwizi wangu! Nikamporomoshea matusi ya Kiluba yote niliyorithi kwa nyanya yangu. Hakukata. Alikuwa analia.

Nikakimbilia kambini, nikampa mzee Liu simu. Alisikiliza kichwa chini.

"Anaitwa Mei. Ndiye bibi ya Muamba kule. Iko na mutoto."

"Kata hiyo simu, papa!"

"Ngoya kwanza. Muamba alishatoka kule, mwaka muzima. Alimwambia anarudia kwako. Simu ya namba hii alimwachia mutoto. Leo ndio Mei amepata nguvu ya kukuita. Anauliza kama bwana alishafika."

Nikakaa chini, palepale kwenye kokoto.

Kisha nikachukua simu. Nilikuwa na maneno machache, yakatosha. "Bu zai," nikamwambia. Hayupo. "Wo ye wang." Mimi pia namngoja.

Tulilia sote wawili mpaka salio lake likaisha.

Siku hizi tunapigiana video kila Jumapili. Ananionyesha mtoto, namwonyesha mihogo yangu. Muamba hatumtaji.

Dada unayesoma hapa: kabla hujamtukana mwanamke mwenzako kwa ajili ya mwanaume, muulize kwanza yeye ameachwa lini.