Shemeji alisema TV mbovu nibaki nayo, sasa inataka kupona

Admin, jina langu liache huko huko. Nipo Singida, upande wa Shelui, barabarani. Mimi mwanaume, miaka arobaini na sita, kazi yangu kupakia na kushusha mizigo kwenye malori. Shule niliacha darasa la nne, kwa hiyo atakayeona nimekosea kuandika apite tu. Mke wangu alifariki mwaka jana. Nimebaki na binti yetu, yuko darasa la tatu. Naandika nina hasira, siwafichi.

Shida yangu ni TV. Chekeni, mkimaliza msome.

Ni TV ya chogo, zile nzito za zamani. Mke wangu aliinunua mwenyewe. Alikuwa anafuga kuku wa kienyeji, wachuuzi wanamfuata mpaka nyumbani, akauza akaleta TV. Nikamwambia hii ya nini, tutalala saa ngapi? Akasema, "Wewe lala, sisi tutaangalia." Na kweli wakawa wanaangalia yeye na mtoto, mimi naangalia mabati. Alivyoanza kuumwa na TV ikafa. Ukiwasha inanguruma, kioo cheusi. Nani angehangaika nayo, tulikuwa tunahangaika na hospitali.

Tukazika. Siku ya kumaliza matanga ndugu zake wakakaa uani kugawa vitu vya marehemu, ndivyo tunavyofanya kwetu. Msemaji alikuwa shemeji yangu, kaka yake mkubwa. Cherehani ikaenda kwa dada yao. Vitenge vikaenda, masufuria, baiskeli. Mimi kimya. Wakafika kwenye TV. Shemeji akaiwasha, ikanguruma. Akasema mbele ya watu wote, "Hii mbovu abaki nayo shemeji." Watu wakaitikia. Lakini rimoti akaitia mfukoni. Hapo nikashindwa kunyamaza, nikamuuliza rimoti bila TV ya nini? Akanijibu, "Rimoti sio mbovu, shemeji."

TV nikaifunika kitambaa chake, ikakaa.

Sasa huyu mtoto kila jioni anaenda kwa jirani kuangalia katuni. Mimi nikajua sawa, watoto wanacheza pamoja. Siku moja kazi iliisha mapema, nikampitia. Nakuta watoto wa mle ndani wamejaa kwenye makochi, wangu yuko nje anasugua masufuria yao. Mama mwenye nyumba anampigia kelele mlangoni, "Maliza hayo ndio uingie, TV haikimbii!" Aliponiona akageuza, "Aa, baba, karibu, mwanao ana adabu sana huyu." Nikamshika mtoto mkono tukaondoka, gauni limelowa lote. Njiani nikamuuliza, wanakufanyia hivi kila siku? Akasema, "Eeh. Nikimaliza katuni inakuwa imeisha. Ila sauti naisikia."

Sikulala vizuri. Asubuhi nikaibeba ile TV begani mpaka kwa fundi. Nabeba magunia ya vitunguu kila siku, lakini lile chogo lilinichosha. Fundi akalifungua mgongo, akachungulia, akasema, "Huyu mzee anapona. Picha imezimwa na kifaa kimoja tu, na spika yake imeungua. Vyote nitavitoa kwenye maiti zile." Akanionyesha rundo la TV kwenye kona.

Huku maneno yanatembea kuliko malori. Shemeji huyo, mlangoni. Mtoto akamwamkia, "Shikamoo mjomba." Akaitikia huku ananiangalia mimi.

"Shemeji, nasikia TV ya dada inatengenezwa."

"TV yangu."

"Wewe tulikupa mbovu. Ikipona sio ile tuliyokupa. Hiyo itaenda Ulemo kwa mama, yuko mpweke."

Mama mkwe macho hayaoni vizuri, jamani! Namheshimu, angeiomba mwenyewe ningempelekea. Lakini hajaomba. Namjua shemeji, ikitoka kwangu itaishia sebuleni kwake, ambako rimoti inaisubiri. Nikamwambia, anayeitengeneza ni mimi, kwa jasho langu. Akasema, "Ahsante shemeji, Mungu akubariki." Akaondoka anapiga mluzi.

Nikaenda kwa baba yao mdogo, alikuwepo siku ya matanga. Nikamwambia mzee, TV ilikuwa ya mama yake mtoto, mtoto huyu hapa. Akatikisa kichwa. "Mkwe, neno lilisemwa mbele ya watu, na lilisemwa mbovu. Ungesema siku ile." Siku ile! Nimetoka kuzika, nibishanie TV?

Nikarudi kwa fundi, nikamweleza maneno ya shemeji, nikamwambia aifunge tu, nirudi na mzigo wangu. Akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. Akasema, "Kaka, usihangaike. Picha nakurudishia. Spika tunaiacha ilivyoungua. Akija mwambie bado mbovu, awashe asikilize mwenyewe."

Nikaona ananitania, ila neno likaniganda. Jioni nikamuuliza mtoto, ikiwa TV ya mama ina picha lakini haisemi, utaitaka? Akashangaa ninauliza nini. "Baba, sauti si nimeshazisikia zote kule nje? Nilikuwa sijaona picha tu."

Nikatoka uani nikajifanya naangalia kuku.

Fundi anataka jibu, anasema chogo limemjazia meza. Msiniambie ninunue flati, hamjui ninachopata, na hiyo flati haitakuwa ya mama yake. Mtu asinifundishe pia kugombana na wakwe, mtoto atawahitaji. Mimi nina swali moja, mlio wengi humu mnisaidie. TV ina picha, sauti haina. Hiyo ni mbovu au ni nzima? Na atakayesema ni nzima, aje amwambie mtoto mwenyewe.