Nyota Nyekundu na Macho Yangu

Mimi sikusoma sana, lakini macho yangu hayajawahi kuniaibisha. Kila jioni nikishafunga mbuzi, hapa nje ya Kitengela, huwa naangalia nyota moja nyekundu iliyo karibu na zile tatu zilizopangana mstari mmoja. Nilikuwa nimezoea kuiona ikiwaka kuliko jirani zake. Mwaka ule ikaanza kufifia, ikaendelea hivyo mpaka ikawa nyota tu kama zingine.

Nikajua macho yameanza kwisha. Sikumwambia mtu. Kijana wangu anayeishi Nkoroi alikuwa na chumba tayari nyumbani kwake, akingoja tu nionyeshe dalili ya uzee ndio auze mbuzi, mimi aniweke kwenye kochi nitazame televisheni. Akipiga simu namwambia niko sawa kabisa, nakata.

Krismasi ilipofika, binti yake akaja kunitembelea. Huyo mjukuu, ambaye nyanya yake huniita Shosho, anasomea mambo ya nyota chuo kikuu, na mimi humsifu mpaka wenzangu wa kanisa wananiambia nipumzike. Jioni moja tukiwa zizini nikamuuliza, kama mtu asiye na haja, ile nyekundu anaionaje.

"Imefifia sana, Shosho. Kwani na wewe umeona?"

Nikaketi juu ya ndoo. Akafikiri naumwa, ikabidi nimwambie yote. Alicheka mpaka mbuzi wakashtuka.

Kisha akanieleza. Nyota ile ni kubwa ajabu, jua letu kando yake ni kama punje ya mtama. Lakini haina moto mkali kama zile nyeupe, ndio maana ni nyekundu. Wenye darubini huitazama kwa mwanga huu tunaouona, tena kwa infraredi, ule mwanga wa joto ambao jicho la mtu halishiki. Kwa mwanga wetu imefifia. Kwa ule wa joto haijabadilika sana. Kwa hivyo wengi wanaona imetema vumbi, na vumbi limeiziba.

"Kama makaa ukiyafunika na jivu," nikasema. "Huoni kitu, lakini jaribu kuweka mkono."

"Hivyo hivyo, Shosho. Vumbi likitawanyika itawaka tena."

Siku hiyo mimi ndiye nilimpigia kijana wangu. Nilimwambia macho ya mama yake yanaona sawa na ya watu wa darubini, kwa hivyo kile chumba afugie kuku. Halafu akauliza kama yule mbuzi mwenye mimba ameshazaa. Nikamwambia aje aone mwenyewe.