Ziara ya Mgongo

Séverin alikuwa na maneno. Hata wasiompenda walikubali. Miaka sita alitembeza watalii Durban kwa miguu, kutoka Point hadi City Hall, na hakuna jengo kuukuu ambalo hakulibunia kashfa yake. Alitembea kinyumenyume, uso kwa wageni, mikono hewani, hasa akivusha watu barabara. Wageni wa nchi ambako magari hupita kulia hutazama upande usiofaa, kwa hiyo kwenye kila robot, yaani taa za barabarani, aliwahesabu kwa macho mpaka wa mwisho avuke.

Jumamosi moja asubuhi akaletewa mtihani. Carmel, msusi wa saluni moja ya Point ambaye Séverin alikuwa akifa kwa kutaka kumuoa, alikuja kwenye ziara na mama yake. Mama Henriette alikuwa ametoka Kamina, huko Kongo, kwa shughuli moja tu: kuamua kama atamwoza binti yake au atarudi naye nyumbani. Mtu alikuwa amempigia simu kwamba Séverin hana kazi, anazurura tu mjini akipiga domo. Tuseme kweli, kazi yenyewe ilifanana na hivyo.

Sasa, kwa Waluba, kabila lao wote watatu, mume wa binti na mama mkwe hawakaribiani. Mkwe hamtazami usoni, hali chakula mbele yake, hamgusi hata kwa kidole. Akikosea, analipa mbuzi. Séverin, ili aonekane amelelewa, aliamua kuishika mila yote bila kubakiza. Kama ameshakuwa mkwe au bado, hilo hakujiuliza, maana alikuwa na haraka.

Wageni wengine walikuwa Wabrazili wanne, wastaafu wa bandari ya Santos. Walipofika kwenye saa ya Vasco da Gama ukingoni mwa bandari, Séverin aliwapa mgongo wote, akaihadithia saa yenyewe jinsi Mreno yule alivyopita hapa wakati wa Krismasi. Mama Henriette, ambaye masikio yake yalikuwa mazito kidogo, alisogea asikie vizuri. Séverin akasogea mbele. Mama akaongeza mwendo. Ziara ya mwendo wa saa tatu ikawa inakimbizwa, Wabrazili nyuma wakihema. Mmoja alisema kwamba kwao Santos watalii huruhusiwa kupumua.

"Carmel," mama aliita, "nilitoka Kamina mpaka huku juu ya kuona mgongo ya mutu?"

Wakasimama kula bunny chow, ule mkate uliochimbwa ukajazwa mchuzi. Séverin aliupeleka wake nyuma ya gari la mboga, akala amechuchumaa.

"Anakula kwa kujificha! Ulinitafutia mwizi?"

"Maman, anakuheshimu."

"Aniheshimu juu ya nini? Kwani iko mukwe yangu?"

Séverin alisikia. Akauacha mkate nusu, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita akapita majengo makuukuu bila kuyahadithia. Aliwaongoza kichwa chini, akilini akimwona Carmel amekaa kwenye basi la kwenda zake. Maskini, ilimuuma kwelikweli.

Karibu na City Hall robot ilikuwa imezima. Séverin alikuwa ameshaweka mguu barabarani, mgongo kwa watu, alipokumbuka kazi yake. Miaka sita haitoki mwilini kwa siku moja. Akageuka. Mama Henriette alikuwa ametazama kushoto, kama wanavyotazama Kamina, akaona kweupe, akashuka. Wabrazili nao, kwa kuwa kwao ni vilevile, walitazama kushoto na kumfuata kwa imani. Taxi ilikuwa inakuja kutoka kulia na honi yake yote.

Séverin aliwatandazia Wabrazili mkono mmoja, na kwa mwingine akamkumbatia mama kiunoni. Wakaanguka wote wawili pembezoni, mama juu, yeye chini, pua kwa pua. Taxi ikapita.

Mama Henriette aliinuka, akakaza kitenge chake.

"Ulinishika."

"Ndiyo, maman."

"Uliniangalia mu macho."

"Ndiyo. Pardon, maman. Pardon sana."

"Mbuzi," mama alisema. "Na isikuwe kadogo."

Mbrazili mmoja aliuliza kama mbuzi huyo amo kwenye bei ya ziara. Carmel alikuwa akimtazama mama yake, macho yakizidi kupanuka.

"Maman, mbuzi ile si inalipwa na mukwe tu?"

"Sasa wewe unafikiri minaomba mbuzi kwa batu ya barabara?"

Carmel akapiga vigelegele katikati ya mji. Séverin akageuza mgongo upesi, ili mama mkwe wake asimwone analia.