Mwali wa Jumanne Nampoto

Ukifika Magomeni, Mtwara, ukauliza anapoishi fundi Jumanne Nampoto, nawe utaulizwa: "Yule wa vitanda au yule wa pool?" Ni mtu huyohuyo. Vitanda vinamlisha, pool inamkondesha. Mimi ndiye mwenye meza anayochezea. Miaka kumi na miwili nimeutazama mgongo wake ulioinama, kwa hiyo nina haki ya kumsema.

Jina langu Tabu. Nina mgahawa wa chapati na supu, na ubavuni mwake, chini ya bati, ipo meza moja ya pool. Kwangu hakuna pombe, na mchezo hauanzi mpaka watu watoke kuswali adhuhuri. Asiyetaka aende kwingine. Meza yenyewe imelala sawasawa, maana kila Ijumaa naiwekea bilauri ya maji katikati nikahakikisha kwa macho yangu.

Jumanne kwao Nanyamba, mtoto wa mkulima wa korosho. Alikuja mjini miaka ile ya ujenzi wa mambo ya gesi, akipigilia mbao za kumwagia zege. Kazi ilipokwisha wenzake walirudi kwao. Yeye alibaki kwa sababu alikuwa amemwoa Salma, na kwa sababu alikuwa ameshaonja pool. Ipi ilikuwa na nguvu zaidi, mwulizeni mwenyewe.

Fimbo yake aliitengeneza kwa mkono wake. Mpini ni wa mpingo, mweusi, mzito kiasi cha kutulia mkononi. Sehemu ya mbele ni mti mweupe alioutoa kwenye fimbo ya kigeni iliyovunjika. Aliiita Mwali, kwa sababu kama mwali wa unyago ilikaa ndani, haionwi ovyo wala haishikwi na mtu. Inatoka kwenye mfuko wake wa kitambaa, inacheza, inarudi mfukoni. Hata Salma haruhusiwi kuisogeza anapofagia. "Nina mke mwenza asiyekula," Salma aliniambia siku moja akicheka, lakini hakucheka sana.

Na huyohuyo bahili wa fimbo ndiye mganga wa fimbo za mtaa mzima. Anabandika ngozi za nchani, anaunga zilizokatika, anapiga msasa, na shukrani yake ni supu. Fimbo zangu tatu za wateja zimepita kwake mara nyingi. Moja tunaiita Kiguu, kwa kuwa imepinda. Ilivunjika mpini mara mbili, naye akaifunga kwa pete ya chuma aliyoikata kwenye bomba la maji. Wageni wakiishika mara moja hawairudii.

Alichokitaka Jumanne kilikuwa kimoja tu: kwenda Dodoma kwenye mashindano ya taifa, amevaa fulana ya mkoa wetu. Mara tatu alifika fainali ya mkoa, na mara tatu akashindwa kwenye mpira mweusi, ule wa mwisho. Mwaka huu ametimiza arobaini na moja. "Nisipokwenda safari hii, dada Tabu, naacha," aliniambia. Alikuwa ameshika chapati ya moto na hakuila, nikajua hatanii. Iliniuma, nasema kweli.

Akafika tena, na waandaaji wakaichagua meza yangu kwa fainali hiyo ya mkoa. Ilikuwa iwe Jumamosi, na mpinzani wake ni Yohana, fundi simu kutoka Newala, kijana mpole anayepiga haraka kama mtu aliyeacha maji jikoni.

Alhamisi jioni Jumanne akafungua mfuko wa fimbo akakuta unga mwembamba wa mbao. Bungua! Vitundu viwili kwenye ule mti mweupe, vidogo kama vya sindano. Mtu wa kwingine angekwenda dukani kuulizia dawa. Huyu wa Nanyamba akakumbuka miimo ya mlango wa baba yake, iliyopakwa mafuta ya maganda ya korosho na kukaa miaka thelathini bila kuguswa na mdudu. Akatafuta kikopo, akachukua kitambaa, akampaka Mwali kuanzia nchani mpaka kwenye mpini, akamtundika ukutani, akaenda kulala ameridhika kabisa. Alisahau kwamba baba yake aliiacha ile miimo juani mwezi mzima kabla mtu hajaigusa.

Ijumaa alifanya mazoezi kwa muda wa saa mbili nzima. Sasa, mchezaji wa pool huipitisha fimbo kati ya kidole gumba na cha shahada, mbele na nyuma, mbele na nyuma, tena huinama mpaka kidevu kikakaa juu yake ili auone mstari.

Jumamosi alikuja kwangu na leso imefunika mdomo.

"Jumanne, jino?" nikamuuliza.

Akaishusha leso. Kidevuni palikuwa na mstari mweusi uliovimba, umenyooka kuliko meza yangu. Mkono wa kushoto, pale gumba linapoachana na kidole, malengelenge yamejaa.

Mimi nimebangua korosho kiwandani miaka sita, najua mafuta ya ganda lake yanavyounguza ngozi. Sikuhitaji kuuliza. "Umempaka korosho mwali wa watu!"

"Bungua, dada. Walikuwa wanamla."

"Na wewe ukaona afadhali akule wewe!"

Nilimgombeza huku natafuta mafuta ya nazi. Watu walikuwa wamekwisha kujaa, na Mtwara hii hakuna asiyeijua alama ya korosho. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Salma hakucheka. Alikuja na soksi ya mtoto wao Riziki, akaikata vidole kwa mkasi wangu wa kitunguu, akamvalisha mumewe kwenye ule mkono wa kidonda. "Baba Riziki, leo ile fimbo yako huigusi," alisema. "Ukiigusa, usirudi nyumbani."

Yohana alisimama na fimbo yake nzuri ya kung'aa. Akaishika kwa mikono miwili na kumnyooshea Jumanne kwa adabu. "Kaka, tumia hii yangu. Tupokezane. Mimi sitaki kushinda mkono mbovu."

Jumanne aliitazama. Nilimwona akimeza mate. "Ahsante, mdogo wangu. Ila fimbo yako siijui. Hii ya dada Tabu najua maradhi yake yote." Akaenda ukutani akamchukua Kiguu. Ukumbi wote uliguna.

Mshindi ni wa kwanza kufikisha michezo mitano. Yohana alichukua miwili ya mwanzo kabla supu ya wageni haijapoa. Kiguu alikuwa anapeleka mpira anakotaka yeye. Ndipo nikaona Jumanne anageuza mpini polepole mkononi, anaugeuza, anaugeuza, mpaka ile pete ya bomba ikawa na mshono wake juu. Akapiga. Mpira ukaenda moja kwa moja shimoni.

Baadaye alinieleza. Alipoiunga ile fimbo aliona kwamba mpindo wake uko upande mmoja tu. Mshono wa pete ukitazama juu, fimbo inapiga sawa. Ukiteleza kidogo, mpira unaelekea Kilambo na kuvuka mto hadi Msumbiji. Aliweka pete hapo makusudi, alama kwa mtu atakayejali kuangalia. Miaka yote hiyo hakuna aliyejali, na mimi mwenye fimbo nikiwamo.

Wakaenda wakifukuzana. Tatu kwa mbili, tatu kwa tatu, nne kwa nne. Mchezo wa mwisho ukabaki mpira mweusi peke yake, umejibanza karibu na shimo la kona, na ule mweupe wa kupigia uko mwisho wa meza. Zamu ya Jumanne. Ili aufikie mweupe ilibidi abonyeze mkono mbovu juu ya ukingo wa mbao. Aliuweka, na soksi ya Riziki ikalowa palepale. Nilifumba macho. Mara tatu nilishamwona akiinama juu ya mpira mweusi hivyohivyo, na mara tatu nilishamwona akiinuka mtupu.

Nikasikia mgongano mdogo, halafu kimya, halafu mpira unadondoka ndani ya shimo kwa mlio ninaoujua kuliko jina langu. Nilipofumbua macho, Yohana alikuwa ameshamkumbatia, na Jumanne analia bila aibu, machozi yanapita juu ya kile kidevu cheusi.

Wiki mbili baadaye alikuja asubuhi, ngozi mpya imeota, amevaa shati la Ijumaa. "Dada Tabu, nimekuja kuposa. Naomba Kiguu twende naye Dodoma."

"Na wateja wangu wachezee ufagio?"

Akageuka akaondoka. Nilidhani nimemuudhi, nikajilaumu. Alasiri yake nikasikia vigelegele njiani. Salma alikuwa mbele na majirani zake, Jumanne nyuma, wamemleta Mwali amefungwa kanga mpya, kama tunavyomtoa mwali wetu nje siku zake za ndani zinapokwisha. Kumbe Jumanne alikuwa ameshampiga msasa siku tatu, mifuko ya plastiki mikononi, mpaka mafuta yote yakatoka na mti ukabaki mweupe tena.

"Akae hapa ukutani badala ya Kiguu," Jumanne alisema. "Amshike anayetaka."

Salma akaifungua kanga. Wachezaji wangu wote, mabingwa wa kusema, wakarudi nyuma hatua moja. Kila mtu alikuwa anatazama kile kidevu.

"Ah, waoga nyie," Salma akasema. Akajifunga kanga kiunoni, akamshika Mwali kwa mikono miwili kama mtu anayeshika mchi, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akainama juu ya meza yangu. Jumanne alitaka kumwelekeza. Nikamkanyaga mguu.

Alikosa mpira kabisa. Akamweka Mwali sawa, akainama tena.