Nyota Chini ya Vigae

Mwaka 2015 nilibandika vigae kwenye ukumbi wa kuingilia wa jengo letu la mtaa wa Berea, huku kusini, ghorofa la zamani lenye pembe za mviringo na madirisha ya chuma. Mwenye jengo alinipa kazi hiyo kwa sababu wapangaji walikuwa wakiteleza siku za mvua. Sakafu yenyewe ilikuwa ya terazo, saruji yenye chembe za marumaru iliyosuguliwa ikang'aa, na katikati yake palikuwa na nyota kubwa nyeusi yenye kingo za shaba.

Mwenzangu wa kazi, Mkongomani wa Lubumbashi wa rika langu, aliitazama nyota ile akasema, "Mzee, tupake kole tu. Siku moja mtu atataka kuifunua."

"Kazi ya gundi ni ya wavivu."

"Basi niite mvivu, lakini nitakula mapema."

Uashi nilijifunza Tanga, kwa fundi mkali. Alitufundisha kwamba saruji haishiki juu ya sakafu laini mpaka uidonoe kwanza kwa nyundo na tindo, ijae vishimo. Nilidonoa siku tatu. Nyota niliidonoa mpaka kwenye ncha zake, na shaba nikaing'oa. Kwa miaka mitatu kigae hata kimoja hakikucheza, nami nikajivunia.

Mwaka 2018 akaja mama mmoja msanifu majengo, ameshika picha ya zamani ya ukumbi wetu. Alisema vigae vinaweza kutolewa, nyota itakuwa salama chini yake, na jengo litahesabiwa miongoni mwa majengo ya kulindwa.

Aliyefurahi kuliko wote ni bibi wa ghorofa ya pili, ambaye sote tulimwita Gogo, yaani nyanya. Zamani alikuwa mfanya usafi wa jengo hilohilo. Enzi hizo za ubaguzi wa rangi sheria haikumruhusu mtu mweusi kama yeye kupanga chumba humu, akalala katika vyumba vya watumishi juu ya paa. Nyota ile aliing'arisha kwa magoti miaka ishirini na minane.

Mimi nilijua kilichoko chini. Jioni moja nikapanda kwenda kumwambia.

"Ngena, ingia, Baba, keti," alisema, akanimiminia chai, kisha akafunua magoti yake. "Haya yameisha kwa ile nyota. Wenye nyumba walipita juu yake bila kuitazama. Nataka mjukuu wangu aione."

Nikanywa chai, nikaisifu, nikashuka. Kuidonoa sakafu nilikosea kwa kutojua. Kwa kunyamaza jioni ile sina cha kusingizia.

Jumamosi ya kutoa vigae nilipewa mimi kazi, kwa kuwa nilivibandika mimi. Kigae cha kwanza kilitoka vipandevipande, na cha pili vilevile. Chini yake sakafu ilikuwa kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Mjukuu wa Gogo, mwanafunzi wa chuo kule Doornfontein, aliyesimama kando ya bibi yake, aliinama.

"Nini kimeila hivi?"

"Labda unyevu," alisema msanifu. "Sakafu za zamani wakati mwingine huliwa." Akanitazama, akingoja nikubali. Mwenzangu alikuwa ameegemea ngazi.

"Si unyevu," nilisema. "Ni mimi, kwa nyundo na tindo, siku tatu. Nilijua tangu mwanzo, Gogo. Nilikuja kukuambia, nikaishia kunywa chai yako."

"Siku tatu," Gogo alirudia. "Mimi miaka ishirini na minane."

"Eish, Mzee," mwenzangu alisema kwa sauti ya chini.

Msanifu akaanza kueleza habari za mafundi wa kukarabati. Gogo akainua mkono kumnyamazisha, akaomba kiti. Nikamletea.

"Endelea kutoa," akaniambia. "Nataka kuiona yote, hivyohivyo ilivyo."

Niliendelea mpaka saa sita mchana. Yeye amekaa kitini kando yangu, na kabla sijafikia kila ncha ya nyota alinionyesha kwa fimbo mahali ilipo, chini ya vigae ambavyo bado havijatoka. Hakukosea hata moja.