Maneno ya Misri Kwenye Viti vya Jirani

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Migwani, na katika miaka ya sabini alishikwa na kichaa cha lugha ya Misri ya kale. Kichaa ndilo neno langu. Yeye alikiita utafiti. Alikuwa amenunua sokoni Kabati kitabu kikuukuu kisicho na jalada. Michoro yake ya ndege na vitu, ambayo ndiyo herufi za Wamisri hao, aliinakili kwenye vipande vya karatasi ya manila, na maelezo, yaani neno limetoka wapi na linabadilika vipi, akayaandika kwenye kurasa za daftari. Mchwa walipokitafuna kitabu, karatasi hizo ndizo zilizobaki. Alitaka kuwatungia wanafunzi wake kamusi ndogo.

Kila jioni alinisomea nikichambua mbaazi, nami nikinung'unika.

"Mwalimu, huyo Farao aliwatesa Waisraeli, na wewe unamtafutia sarufi?"

Alicheka tu, akaendelea kusoma.

Aliposafiri kwenda kozi ya walimu, alitia karatasi zake ndani ya kiondo cha jirani yetu na kukitundika kwenye msumari, mchwa wasizifikie. Mimi sikujua. Jirani alikuwa ameniletea viazi vitamu ndani ya kiondo hicho, na kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Nilikuwa nimechelewa mkutano wa akina mama kanisani, basi nikamimina mbaazi bila kuchungulia, nikakipeleka mbio.

Mume wangu aliporudi baada ya majuma matatu aliutazama msumari, akaniuliza, kisha akaketi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, maana aibu iliniwasha hadi masikioni.

Tulikwenda kwa jirani saa hiyo hiyo.

"Hizo za maandishi niliwasha nazo moto, mama," jirani akasema. "Nilifikiri umenipatia za jikoni. Lakini hizo za picha za ndege nikajua ni za kufuatisha nikishona vitambaa vya viti. Nikasema, huyu mama ananipenda kweli!"

Viti vyake vyote vilivaa Misri. Bundi alikuwa wa uzi mwekundu, kifaranga wa kware wa buluu, na mawimbi ya maji yamezunguka meza nzima. Alikuwa ameshona vizuri mno, hata sikuweza kumkasirikia.

"Picha ziko," mume wangu akasema polepole, "lakini maelezo yameisha. Sitayakumbuka yote."

Sijui kilichonifungua mdomo. Niligusa kile kifaranga.

"Huyu ni sauti ya u. Akikaa mwisho wa neno la kiume, wamekuwa wengi. Huu mkate ni t. Ndugu wa kiume ni sen. Mwekee mkate, anakuwa dada, senet. Hata Misri, mkate walimpa mwanamke!"

Nikahamia kiti cha pili. "Hii ni per, nyumba. Per-aa ni nyumba kubwa, ndiyo ikawa Farao."

Jirani alinikodolea macho. Mume wangu aliomba kalamu.

"Kumbe ulikuwa unasikiliza, mama watoto."

Miaka yote ile nilidhani namvumilia tu. Nikamwambia aandike upesi, viti bado ni vingi.